Jogoo wa Tuzo na Jogoo wa Kuzalisha

Ukimuuliza mfugaji wa kuku wa maonyesho ni jogoo yupi atawekwa na matetea msimu ujao, mara nyingi atakuonyesha yule aliyerudi na tuzo. Hoja yake ni nyepesi: jaji amempitisha, vigezo amevitimiza, basi watoto watafuata. Mimi huuliza swali la pili: dada zake wako wapi, na wanafananaje? Hapo ndipo mazungumzo hupoa.

Sina ugomvi na kitabu cha viwango, kile kinachoeleza kila aina ya kuku inatakiwa ionekaneje. Maonyesho ya kuku yalitangulia vitabu. Lile la Boston la mwaka 1849 lilivuta umati, lakini kila jaji wa zama zile alihukumu kwa jicho lake. Uingereza ilipata kitabu chake cha kwanza cha viwango mwaka 1865. Huko Marekani, chama cha wafugaji wa kuku, American Poultry Association, kiliundwa mwaka 1873, na mwaka uliofuata kikatoa kitabu chake, ambacho kimeendelea kuchapishwa hadi leo huku kikiongezewa aina mpya kadiri zinavyokubaliwa. Tangu hapo mfugaji anaweza kujua, bila kubishana na jirani, kwamba jogoo mzima wa Plymouth Rock anatakiwa kufika ratili 9.5, yaani kama kilo 4.3, tetea ratili 7.5, na kwamba upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, uwe mmoja, umesimama, una meno matano.

Lakini kitabu kinamchora ndege mmoja akiwa amekamilika. Hakisemi ndege huyo alitoka kwa nani wala atazaa nini. Jaji naye anahukumu manyoya anayoyaona asubuhi ile kizimbani. Anayepanga wazazi ana kazi nyingine kabisa, ya kukisia kitu kilichofichika chini ya manyoya hayo, na mara nyingi ndege anayemfaa kwa kazi hiyo asingepata hata nafasi ya tatu.

Milia

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Plymouth Rock wa milia, yule mwenye mistari myeusi na meupe inayopishana kwenye kila unyoya. Watu wa maonyesho walitaka dume na jike wafanane kivuli, ukiwaweka kwenye vizimba vya jirani waonekane wamekatwa kwenye jora moja. Maumbile hayakubali kirahisi. Jeni ya milia imekaa kwenye kromosomu ya jinsia, na kwa kuku mambo ni kinyume cha binadamu: jike ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, Z na W, na dume ana Z mbili. Kwa hiyo dume wa uzao safi hubeba nakala mbili za jeni ya milia, jike hubeba moja, na ile nakala ya pili hupanua weupe. Kaka hutoka amefifia kuliko dada yake, hata kama mayai yao yalitagwa na mama mmoja. Tofauti hiyo huonekana tangu siku ya kuanguliwa: doa jeupe la kichwani kwa kifaranga dume huwa kubwa na limetapakaa, la jike huwa dogo na limejikusanya.

Wafugaji wa zamani walitafuta njia, wakaishia kutunza koo mbili za kuku walewale. Katika ukoo wa madume, jogoo mwenye rangi ya kitabu huwekwa na matetea walioiva weusi kupita kiasi. Mapora, yaani majogoo vijana, wanaozaliwa hutoka na kivuli kinachotakiwa, na dada zao hutoka weusi kama mama zao. Katika ukoo wa majike mambo hugeuka: matetea wenye rangi ya kitabu hupewa jogoo aliyefifia, tembe, yaani majike vijana, hutoka sawasawa, kaka zao hutoka weupe mno. Nusu ya kila ukoo haitaona maonyesho maisha yake yote. Hata hivyo bila wale weusi na wale waliofifia hakuna mshindi anayezaliwa.

Sasa mchukue mtu mwenye fedha, asiyejua habari hii, anayenunua jogoo bingwa wa ukoo wa madume na tetea bingwa wa ukoo wa majike, kisha anawafungia pamoja. Ana mabingwa wawili wa kweli. Watoto wao ndio balaa: mapora watafifia, tembe wataiva mno, na atadhani ametapeliwa, ilhali kila ndege aliuzwa kwa haki.

Kuna jambo jingine hapo ambalo watu hulisahau. Tetea humpa mwanawe dume Z yake, na binti humpa W. Maana yake binti hupata jeni zote za kwenye Z kutoka kwa baba pekee. Milia ya tembe imetoka kwa baba. Kasi ya kuota manyoya, ambayo nayo hukaa kwenye Z, imetoka kwa baba. Na kasi hiyo si jambo dogo kwa kuku wa milia: wale wanaochelewa kuota manyoya ndio wenye mistari myembamba iliyokatika vizuri, ingawa wakiwa wadogo hutembea nusu uchi na humkatisha tamaa asiyewajua. Mtu anayeondoa vifaranga wanaochelewa kuvaa manyoya anaweza kuwa anafukuza milia yake nzuri bila kujua.

Plymouth Rock hayuko peke yake. Wyandotte wa rangi ya kwale ana shida ileile kwa sura nyingine: jogoo anatakiwa kidari cheusi kisicho na doa, tetea anatakiwa mistari myembamba inayofuata ukingo wa kila unyoya. Kaka za tembe wenye mistari mizuri huja na vidoa vya kahawia kidarini. Kwa Leghorn ugomvi uko kichwani: upanga wa jogoo usimame wima, wa tetea jino la mbele lisimame na sehemu iliyobaki ilalie upande mmoja. Baba wa tembe wenye panga zinazolala vizuri mara nyingi ni jogoo mwenye upanga mzito usiosimama barabara.

Sipendi mfumo wa koo mbili, niseme wazi. Unakula nafasi na chakula maradufu, na humfungia nje mfugaji mwenye banda dogo. Anayeanza namshauri achague aina ambayo dume na jike wanaofaa hutoka kwenye ndoa moja, kama vile Rhode Island Red, Sussex, au kuku yeyote mweupe mtupu. Ila kanuni iliyo ndani ya mfumo huo inamhusu kila mfugaji: thamani ya mzazi iko kwa watoto.

Mkono kwanza

Aina ya kuku hutambulishwa na umbo. Rangi na aina ya upanga hutenganisha makundi ndani ya aina hiyo. Mpake Orpington rangi nyekundu iliyoiva, hatakuwa Rhode Island Red, kwa sababu Orpington ni mpana, ameinama karibu na ardhi, mgongo mfupi unaopanda kwa mkunjo hadi mkiani, na yule mwekundu ni mrefu, mgongo umelala sawa, mwili ukiutazama kwa ubavu ni mstatili. Kila mfugaji husema analijua hilo. Kisha anaingia bandani mchana, macho yanaenda moja kwa moja kwenye rangi, na uchaguzi unaisha pale.

Mimi wazazi nawashika usiku, wakiwa wametulia kwenye fito zao za kulalia. Gizani rangi haiongei. Kiganja kinaingia chini ya kidari na kupima mfupa wake: umenyooka, una kona, una shimo? Urefu wake unafika nyuma vya kutosha kubeba matumbo? Vidole vinapita kati ya miguu kuona nafasi iliyopo, maana kuku mwenye miguu iliyobanana ni mwembamba hadi juu. Halafu mgongo: upana ulioko mabegani unafika mkiani, au mwili unachongoka mapema? Kwa tetea anayetaga, ile mifupa miwili myembamba iliyo pembeni ya njia ya yai iwe imeachana na iwe laini, na kati ya mifupa hiyo na ncha ya kidari kuwe na nafasi ya kiganja. Kuku wa maonyesho asiyetaga ni mwisho wa ukoo, hata awe mzuri vipi.

Fuvu nalo hulishika. Kichwa chembamba kilichobanana mara nyingi huenda na mwili wa namna hiyohiyo, na jicho lililozama ndani ya uso mkavu silipendi. Hili nakubali ni imani ya mkono wangu zaidi ya kuwa sheria ya kitabu.

Asubuhi inayofuata ndipo nafungua mabawa. Bawa la kuku lina manyoya makubwa ya nje, kwa kawaida 10, kisha unyoya mfupi mmoja katikati, kisha manyoya ya ndani. Yote yafunuke na kufumba bila pengo. Kukiwa na uwazi wa kudumu kati ya kundi la nje na la ndani, hilo ni bawa lililopasuka, na wenye ujuzi hawazalishi ndege wa namna hiyo hata akiwa na rangi ya ndoto. Huwezi kuliona akiwa amesimama. Jaji ataliona kwa sababu atalifungua, na wajukuu watalionyesha hata kama jaji hakulifungua.

Rangi inakuja mwisho, na hapo napo inataka akili. Miguu ya njano ya tetea anayetaga sana hupauka, kwa sababu rangi ile inayotoka kwenye chakula huelekezwa kwenye viini vya mayai. Hupauka kwanza karibu na njia ya yai, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomoni, na mwisho miguuni. Tetea mwenye miguu iliyopauka mwishoni mwa msimu ni mfanyakazi. Yule ambaye miguu bado inang'aa njano wakati wenzake wamepauka ndiye wa kutilia shaka. Jaji anaweza kumpenda huyo wa pili, lakini kwenye ukoo wangu simtaki.

Kasoro za damu na kasoro za banda

Si kila kasoro inarithiwa, na anayechinja bila kutenganisha hupoteza damu nzuri. Kidole kilichopinda kinaweza kutokana na joto lisilotulia kwenye mashine ya kutotolea, sakafu yenye utelezi, au upungufu wa vitamini B2 kwenye chakula. Mfupa wa kidari wenye kona mara nyingi hutokana na kuanza kulalia fito nyembamba mifupa ingali laini. Upanga nao hukua na joto: ndugu wawili wakilelewa, mmoja kwenye banda la joto na mwingine kwenye baridi, wa joto atakuwa na upanga mkubwa zaidi. Kuku mweupe mwenye manyoya ya njano-njano huenda amechomwa na jua, au amekula mahindi ya njano mengi wakati wa kuota manyoya.

Upande wa pili wako wale ambao hakuna banda litakalowaponya. Mkia uliopinda upande mmoja kwa kudumu. Kijino kinachochipua ubavuni mwa upanga. Kinyoya, hata kimoja kidogo, kwenye mguu wa aina inayotakiwa kuwa na miguu mitupu. Hicho cha mwisho huwaudhi sana wenye Plymouth Rock, kwa kuwa Cochin, kuku wa Asia mwenye manyoya miguuni, anatajwa miongoni mwa mababu zake, na damu ya zamani haisahau. Wengine hukinyofoa kinyoya kabla ya maonyesho. Huo ni udanganyifu kwa jaji, na kwa mfugaji mwenyewe ni upumbavu, kwa sababu yai halinyofolewi.

Njia ya kuyatenganisha makundi haya mawili ni rahisi lakini inachosha: andika. Kasoro ikitokea kwa vifaranga wa kila mama katika mzunguko mmoja wa mashine, shuku mashine. Ikimfuata mama mmoja kutoka mzunguko hadi mzunguko, shuku mama. Bila kujua kifaranga ametoka yai la nani, huwezi kusema lolote. Njia ya kale ya kutoboa ngozi iliyo kati ya vidole siku ya kwanza bado inafaa. Miguu miwili ina nafasi nne za kutoboa, na ukizipanga utapata alama 16 tofauti. Pete za miguuni zije baadaye.

Uzao safi usiotulia

Wageni wa mambo haya hudhani kuku wa uzao safi hutoa nakala zake daima. Zipo aina ambazo kigezo chenyewe kinakataa jambo hilo. Andalusian anatakiwa awe wa bluu yenye ukingo uliokolea kwenye kila unyoya, na bluu hiyo ni rangi ya ndege mwenye nakala moja ya jeni. Ukiwaweka bluu kwa bluu, kwa wastani nusu ya watoto hutoka bluu, robo weusi, robo weupe wenye madoa. Ukimweka mweusi na yule mweupe wa madoa, ambao wote wawili hawafai maonyesho, watoto wote hutoka bluu. Ndege wawili waliokataliwa wanakupa kundi zima linalokubalika, ingawa ubora wa ukingo ni kazi nyingine.

Bantamu (kuku wa umbo dogo) wa Kijapani, Chabo, ana miguu mifupi sana kwa sababu ya jeni inayoua ikiwa nakala mbili. Wa miguu mifupi kwa wa miguu mifupi, robo ya vifaranga hufia ndani ya yai na robo hutoka na miguu mirefu. Asiyejua hulaumu mashine. Kidimu naye, yule wa manyoya yaliyojikunja, hana shida akiwa na nakala moja. Akipata mbili manyoya hukatika-katika na mwili kubaki wazi, ndiyo maana mwenye busara humpa kidimu mwenza mwenye manyoya ya kawaida.

Ila kisa ninachokipenda ni cha Wyandotte. Aina hii ilikubaliwa Marekani mwaka 1883, wa rangi ya fedha yenye ukingo, na upanga wake ni ule ulioshikana na kichwa, mpana, wenye vinundu. Tangu hapo wafugaji wamekuwa wakiwaondoa wote wenye upanga mmoja uliosimama, kizazi baada ya kizazi, na bado wanazaliwa. Ukaidi huu ulipata maelezo. Madume wenye nakala mbili za jeni ya upanga ule wa vinundu wana uwezo mdogo wa kuzalisha, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba badiliko lilelile la kromosomu linalounda upanga huo huvuruga jeni inayohusika na mwendo wa mbegu za dume. Wenye nakala moja wako sawa. Kwa hiyo kila msimu jogoo mwenye jeni ya upanga mmoja iliyojificha ndiye aliyekuwa anarutubisha mayai mengi zaidi, na kitabu kilipokuwa kinavuta upande huu, mbegu zilikuwa zinavuta upande ule. Mwenye Wyandotte ambaye mayai yake hayana uhai, afikirie kumtumia jogoo mwenye upanga mmoja aliyetoka kwenye ukoo bora. Hatampeleka maonyesho. Watoto wake wengi wataenda.

Kuoanisha

Katika kuchagua jozi, kosa linalonikera zaidi ni la kutibu kasoro kwa kasoro ya upande wa pili. Mgongo mrefu mno unapewa mwenza wa mgongo mfupi mno kwa matumaini ya kukutana katikati. Kizazi cha kwanza huenda kikadanganya. Cha pili hutawanyika: warefu, wafupi, na wachache wa katikati ambao ndani yao wamebeba vyote viwili. Kasoro hufutwa na usahihi. Mgongo mrefu upewe mgongo sahihi, kisha subira.

Na jozi isiwe na kasoro moja inayofanana pande zote mbili, hata ikiwa ndogo. Tetea mwenye jicho lililopauka kidogo ninaweza kumvumilia akiwa na mwili mzuri, lakini jogoo wake ni lazima awe na jicho kali, na awe ametoka kwa mama mwenye jicho kali. Ndiyo maana kumjua ndege mmoja hakutoshi. Kati ya pora wa kupendeza mwenye ndugu wa ovyo, na pora wa wastani ambaye ndugu zake wote ni wa wastani wa juu, namchukua wa pili bila kusita. Yule wa kwanza kabahatika, na bahati hairithiwi.

Majogoo ndio wa kuchujwa kwa ukali. Jogoo mmoja huwekwa na matetea wanane hadi kumi kwa aina nzito, hivyo nusu ya damu ya kizazi kizima imepita kwake. Hapohapo kuna mtego. Hesabu ya wanasayansi ya ukubwa halisi wa kundi ni hii: zidisha madume kwa majike kwa nne, kisha gawa kwa jumla yao. Jogoo 1 na matetea 10 hutoa 3.6. Bandani kuna ndege 11, lakini kwa upande wa damu ni kama wanne, na undugu wa damu ndani ya kundi huongezeka kwa karibu asilimia 14 kila kizazi. Ukitumia majogoo 5 kwa matetea 10 hao hao, jibu ni zaidi ya 13, na ongezeko la undugu hushuka chini ya asilimia 4. Kuongeza majogoo wanne ni nafuu kuliko kununua damu mpya, ambayo huja na kasoro usizozijua.

Wengi wenye koo za muda mrefu hugawa kuku katika familia tatu. Mabinti hubaki kwenye familia ya mama yao. Wana huhamia familia inayofuata, ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kurudi ya kwanza. Undugu huongezeka polepole, na ukoo hubaki na sura yake. Ukibadilisha jogoo, toa nafasi ya wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, kwa kuwa mbegu za jogoo aliyetangulia hubaki hai ndani ya tetea kwa wiki mbili na zaidi.

Umri nao una neno. Tetea wa mwaka wa pili au wa tatu namthamini kuliko tembe, kwa sababu ameshapita maradhi, amepukutisha manyoya na kuyarudisha, ametaga na mwili wake umebaki na umbo. Tembe ana ahadi tu. Lakini kwenye maonyesho tembe ndiye anayeng'aa, na ndiyo maana mabanda mengi yamejaa vijana watupu waliozaliwa na vijana.

Kigezo kinapozidi

Yapo mambo ambayo hata ukifuata kitabu kwa uaminifu utaharibu. Spanish mweusi mwenye uso mweupe alikuwa kuku wa heshima kubwa katika karne ya 19, akijulikana kwa mayai makubwa meupe. Watu wa maonyesho wakaupenda ule uso, wakauchagua uwe mkubwa zaidi na zaidi, hadi ndege akawa dhaifu, vifaranga wakafa kwa wingi, na aina ikabaki mikononi mwa wachache. Orpington alitengenezwa na William Cook huko Kent, Uingereza, mwaka 1886, awe kuku mweusi wa nyama na mayai asiyeonyesha uchafu. Haukupita muda, wafugaji wa maonyesho wakachanganya damu nyingine, Cochin wakiwamo, wakapata ndege mkubwa aliyefunikwa manyoya. Mzuri kweli. Manyoya mengi nyuma humsumbua jogoo kupanda, na wanaomfuga hulazimika kuyapunguza kwa mkasi kabla ya msimu, kazi ambayo jogoo wa kuzalisha hakupaswa kuihitaji.

Mimi kwenye kila aina huweka mstari wangu: mayai yarutubike, vifaranga wajitoe wenyewe, tetea atage, jogoo apande bila kusaidiwa. Ndege asiyevuka hapo hazai kwangu, na tuzo zake hazinibadilishi mawazo. Kifaranga niliyemsaidia kutoka ndani ya yai hubaki hai, ila hapewi pete ya ukoo.

Basi bingwa ninamfanyaje? Ninampa matetea watatu au wanne wa familia moja, ambao watoto wao kwa jogoo mwingine ninao tayari, na naweka alama kila yai. Watoto wa baba wawili hulelewa pamoja, chakula kimoja, sakafu moja, ili banda lisiingilie hukumu. Wakifika miezi minane hivi, mwili umejaa na manyoya ya utu uzima yametimia, nawashika usiku kama wazazi wao, kisha nafungua mabawa asubuhi. Wakiwa bora kuliko ndugu zao wa baba mwingine, bingwa anapata matetea zaidi msimu wa pili. Wasipokuwa, ataendelea kwenda maonyesho, kazi anayoiweza, na pora wa yule mwingine atachukua nafasi bandani.